Kibali cha Septemba

Mume wangu Merrill alikufa akiwa na pointi ishirini na tatu. Mwezi mmoja baada ya mazishi nilifungua ukurasa wake kwenye tovuti ya idara ya wanyamapori na bado zilikuwepo, jina lake na namba kando yake. Nikapiga simu kuuliza kama mjane anaweza kuzirithi. Msichana aliyepokea alinipa pole kwa sauti nzuri, kisha akasema hapana, mama, mtu akifariki zinafutwa.

Hapa Utah huendi tu dukani kununua kibali cha kuwinda dume la elki, yule kulungu mkubwa kama farasi, kwa bunduki katikati ya Septemba, wakati madume wanapiga mbinja mlimani na kugombania majike. Unaomba, kila Aprili, eneo moja. Ukikosa unapewa pointi moja ya kukutuliza moyo, na kadiri pointi zinavyorundikana ndivyo nafasi yako inavyopanda. Siku ukipata, zote zinarudi sifuri na unaanza upya na umri ulio nao. Yapo maeneo ya kawaida, ambayo mtu mwenye pointi kumi na tano anaweza kuyapata, na yapo mawili matatu yanayosifiwa nchi nzima, ambayo watu wanayangoja mpaka wanaingia kaburini. Merrill alikuwa akingoja hayo. Mlima ulio nyuma ya nyumba yetu angeupata miaka minane kabla hajafa. Kila Aprili nilimwambia, "Omba huu wa hapa, Merrill, unauona dirishani ukipiga mswaki." Kila Aprili alinijibu, "Mwakani, Ned."

Mimi si mtu wa mwakani. Nina miaka sitini na tatu, nimeendesha basi la shule kwa miaka ishirini na saba, na hakuna mtoto wa wilaya hii niliyemngoja zaidi ya dakika mbili. Kwa hiyo kila mwaka niliomba mlima wa nyuma ya nyumba, na mwezi wa Mei, nikiwa na pointi kumi na sita, barua pepe ikaja: Nedra Bagley, dume la elki, bunduki, msimu wa mapema, siku tisa. Nilikaa kwenye ngazi za jikoni nikacheka peke yangu, halafu nikalia kidogo, halafu nikarudi kuosha vyombo.

Sikuwa nimemaliza sufuria ya pili Ferrin alipoingia bila kubisha hodi. Ferrin ni kaka mkubwa wa Merrill, ana miaka sabini na mbili, mwili mkubwa, na sauti ya mtu aliyezoea kuongea na ng'ombe waliokuwa upande wa pili wa shamba.

"Shem!" alisema. "Shem, umetufanyia jambo kubwa!"

"Nimewafanyia? Wewe na nani?"

"Familia nzima. Kibali kama hiki si cha mtu mmoja, shem."

"Kina jina moja tu, Ferrin. Nimekisoma mara tatu."

Hakusikia. Alisogeza vikombe vyangu akatandaza ramani mezani, ramani ambayo tayari ilikuwa na alama za kalamu, na mpango wake ulikuwa umeshapikwa ukaiva. Matrela manne yangepandishwa mlimani. Wanawe wanne, wakwe zake, na wajukuu waliokwishapata leseni, jumla watu kumi na mmoja, wangekaa kwenye vilele vitatu na darubini za miguu mitatu. Mimi ningekaa kambini kwenye kiti cha kukunja mpaka nitakapoitwa kuja kuvuta kifyatulio.

"Na tutamwita nani akusogelee?" aliuliza, akajijibu mwenyewe. "Askofu."

Askofu nilimjua kwa jina. Merrill na Ferrin walikuwa wamemtazama dume huyo kwa misimu mitatu, matawi sita kila pembe, upana wa kuweza kulaza mtoto kati yake. Walimwita Askofu kwa sababu walimwona Jumapili tu, saa ambazo wao wenyewe walipaswa kuwa kanisani.

"Huyo ndiye dume ambaye Merrill alimtaka," Ferrin alisema, na sauti ikashuka. "Wewe utamalizia, shem. Kwa niaba yake. Huna haja ya kupiga mwingine yeyote. Hata zikipita siku nane, unangoja ya tisa."

Siwezi kudanganya, maneno yale yaliniingia. Niliona Merrill akirudi na matope kwenye viatu vyake vya kanisa, uso unang'aa kama kijana, akinionyesha kwa mikono jinsi pembe zilivyotanuka. Kwa dakika nzima nilitaka kumpiga Askofu kuliko nilivyotaka kitu chochote. Kisha hasira ikapanda, kwa sababu niliyakumbuka yale mengine pia.

"Alimtazama Jumapili baada ya Jumapili," nilisema, "na kila Aprili akaomba milima ya watu wengine. Mimi simngoji mnyama, Ferrin. Dume wa kwanza halali atakayesimama mahali pazuri, nampiga. Siendi kumalizia ya mtu. Naenda kuwinda."

Ferrin alianza kukusanya kalamu zake. Nilidhani amenuna. Aliikunja ramani yake akaondoka, na mlango wa wavu ukajibamiza nyuma yake.

Mpango wangu mimi haukuhitaji vilele vitatu. Miaka ishirini na saba, kila asubuhi ya Septemba saa kumi na mbili na robo, basi langu likiwa tupu lilipita barabara ya juu kwenda kumchukua mtoto wa kwanza. Na kila asubuhi ya Septemba niliwaona elki wakitoka kwenye mashamba ya majani ya ng'ombe bondeni, wakivuka mbele ya taa zangu, wakapanda bonde dogo lenye miti ya magome meupe. Mahali palepale, mwaka baada ya mwaka. Juu yake kuna lambo la kunyweshea mifugo. Kukiwa na joto wanakunywa hapo, kisha wanaingia kwenye misonobari kulala. Ferrin na wanawe walikuwa wametafuta madume kwenye vilele maisha yao yote, na mimi nilikuwa nikiwapigia honi.

Kwa hiyo mahali nilikuwa napo. Tatizo la msimu wa mapema si kumpata elki, ni kumpata kisha kufika naye nyumbani akiwa bado chakula. Oktoba unaweza kumwacha mnyama chini ya mti ukaenda kutafuta msaada. Katikati ya Septemba jua la saa nne asubuhi linaunguza, na dume la elki ni kilo mia tatu za nyama ya moto iliyovaa koti la manyoya. Usipomchuna haraka, nyama inaanza kuharibika penye nyonga, ndani kwenye mfupa, mahali usipopaona mpaka harufu ikwambie.

Nilianza na miguu yangu. Juni na Julai nilitembea kutoka lambo hadi mahali gari linapofika, mgongoni nimebeba mfuko wa chumvi ya ng'ombe wa kilo ishirini na tano, saa mkononi. Mara ya kwanza ilinichukua dakika hamsini na nilitukana. Mwisho wa Julai ilikuwa dakika thelathini na tano na sikutukana sana. Dume mmoja ni mizigo sita: miguu minne, nyama ya mgongo na shingo, na kichwa. Watu watatu, safari mbili kila mtu, na nyama inalala kwenye barafu kabla jua halijawa kali. Kisha nikashuka Korongo la Birika, lililo chini ya lambo upande wa kusini, nikiwa na mfuko uleule. Kutoka kule chini hadi kwenye gari ilinichukua saa tatu kasorobo kwa mzigo mmoja, na korongo lenyewe lilikuwa na joto la tanuri.

Nikachukua kalamu nyekundu nikachora mstari kwenye ramani kufuata mfereji wa zamani wa maji. Juu ya mstari, napiga. Chini ya mstari, sipigi, hata angekuwa nani.

Agosti ikaja na mapichi, kwa sababu hapa hakuna mipango ya mwanamke inayosimamisha mapichi. Binti yangu Janeal alikuwa anakuja kila Jumamosi kutoka mjini, anakofanya kazi maabara ya kliniki, na tulimenya na kujaza chupa huku ramani imebandikwa kwenye mlango wa kabati. Friza kubwa ya gereji nilikuwa nimeitoa kila kitu nikaijaza madumu ya maziwa yenye maji, yakagandishwa yakawa mawe. Nilikuwa nimeshika nafasi kwenye chumba cha baridi cha mchinjaji. Bunduki yangu nilikuwa nimeirekebisha ilenge sawasawa yadi mia mbili, risasi tatu ndani ya duara la kifuniko cha chupa ya mapichi.

"Mama," Janeal alisema, mikono imejaa maji ya mapichi, "umewahi kufikiri kwamba unaweza kukosa?"

"Kukosa kulenga?"

"Kukosa kabisa. Siku tisa na usipate."

"Siku saba," nilisema. "Jumapili hatuwindi. Na hapana, sijawahi kufikiri."

Ferrin alirudi baada ya karibu miezi mitatu ya kuninunia. Alibeba ndoo mbili za mapichi, jambo ambalo kwa mwanamke mwenye chupa mia moja na arobaini tayari ni uchokozi, akasimama mbele ya ramani.

"Huu mstari ni wa nini?"

Nikamweleza. Alicheka kwa dharau.

"Shem, wanyama hawajui kusoma ramani. Askofu analala kwenye Korongo la Birika. Umemchorea uzio!"

"Nimejichorea mimi. Unakumbuka mwaka wa tisini na nane?"

Mwaka wa tisini na nane alimpiga dume chini kabisa ya korongo lile saa tano asubuhi, kukiwa na joto, na yeye na Merrill walibeba siku mbili. Nusu ya nyama iliwarudia ya kijani. Pembe zake bado zimetundikwa gerejini kwake na wageni wanaonyeshwa, lakini habari ya nyama huwa haisimuliwi.

"Wewe nawe," alisema. "Una kumbukumbu ya mkopeshaji."

"Ninawataka watu wawili tu mlimani," nikamwambia. "Janeal, kwa sababu anajua kisu. Na wewe, kwa sababu una mgongo na unajua kupiga mbinja kama dume. Hakuna matrela. Watu kumi na mmoja wananuka kama watu kumi na mmoja."

"Na wanangu nitawaambia nini?"

"Waambie mama yao mdogo ni mkorofi. Hawatashangaa."

Janeal alicheka mpaka akaangusha pichi. Ferrin alitazama mstari tena, akanitazama mimi, akavuta kiti.

"Nimekubali masharti," alisema. "Lakini sikubaliani nayo."

"Hiyo inatosha. Menya mapichi."

Jumamosi ya ufunguzi tulikuwa tumekaa juu ya lambo kabla ya mapambazuko, fulana za rangi ya chungwa, upepo ukitupiga usoni kama nilivyotaka. Sitasahau asubuhi ile. Madume watatu walikuwa wanaitikiana gizani, sauti inayoanza chini kama mtu anayeguna na kuishia juu kama filimbi, na nywele za mikono zilinisimama. Ferrin alipuliza mrija wake wa kuigia mbinja mara moja, kwa ustadi, na dume mmoja akamjibu karibu sana hata Janeal akanishika goti. Majike walikuja kunywa, kumi na wawili, ndama kati yao. Dume mdogo wa mwaka wa pili alipita mbio nyuma ya miti. Nilikuwa na furaha. Nilikuwa nimekaa palepale nilipopanga kukaa, na mlima ulikuwa unafanya nilichosema utafanya.

Saa tatu na nusu jua lilikuwa limeshika na tulikuwa tumevua makoti. Hapo Ferrin akanigusa bega, akanyoosha kidole kuelekea chini.

Askofu alikuwa amesimama kwenye uwazi wa Korongo la Birika, majike saba mbele yake. Sikuhitaji kuambiwa ni yeye. Alirudisha kichwa nyuma akapiga mbinja na pembe zilimfika kwenye kiuno. Nikalala chini nikaweka bunduki juu ya mfuko. Yadi mia mbili na thelathini, ubavu mzima wazi. Kwenye darubini niliona mbavu zake zikitanuka.

"Mpige, shem," Ferrin alinong'ona. "Mpige. Ndiye."

Kitufe cha usalama kilikuwa kimeshafunguliwa, na sikumbuki nikikifungua. Nilikuwa naona mfereji wa zamani, mstari wa kijivu wa nyasi kavu, na dume alikuwa hatua mia na hamsini chini yake.

"Nyuzi joto ngapi?" nilimwuliza Janeal.

"Ishirini na tatu, Mama. Na inapanda."

"Shem, achana na nyuzi! Tutawaita wanangu, tutakuwa watu kumi! Merrill angempiga!"

"Wanao wako wapi?"

Wanawe walikuwa wameenda kwenye mechi ya watoto, mwendo wa saa mbili kwa gari. Nikahesabu mizigo sita, saa tatu kasorobo kila mmoja, watu watatu, mmoja wao ana miaka sabini na mbili. Nikaona jinsi itakavyokuwa saa kumi alasiri, mguu wa nyuma umelala juani kwenye mawe. Nikarudisha kitufe. Niseme ukweli, nilimwomba Merrill radhi kimoyomoyo, na ningemwomba hata kama angekuwa hai amekaa pale. Askofu alishusha kichwa, akawafuata majike wake kwenye misonobari.

Ferrin alisimama akanipa mgongo. "Hujui ulichofanya," alisema.

"Najua kabisa nilichofanya. Kaa chini, unaonekana mpaka Nevada."

Jumapili tulienda kanisani. Ferrin alikaa kiti cha nyuma yangu, na wakati wa wimbo wa pili akasogeza mdomo kwenye sikio langu.

"Askofu yuko mlimani sasa hivi, anahubiri."

"Wa kwetu yuko hapa mbele," nilimwambia bila kugeuka. "Msikilize."

Mlangoni walinizunguka wote. Kila mtu alikuwa ameshasikia, kwa sababu Ferrin hajawahi kuficha jambo zaidi ya nusu siku. Mmoja alisema, "Nedra, una wiki nzima, usipige dume mdogo." Mwingine, "Miaka kumi na sita, dada, ngoja." Mwanaume mmoja aliyestaafu posta alinishika mkono kwa huruma kama vile nimefiwa upya. Wote walikuwa wananitakia mema na wote walikuwa wanaongea kama Merrill. Nilirudi nyumbani nikala viazi vya jibini nikalala mchana usingizi wa mtu asiye na deni.

Jumatatu saa moja kasorobo asubuhi, dume mmoja alitoka kwenye miti ya magome meupe peke yake, akaja moja kwa moja lambo. Matawi matano upande mmoja, manne upande wa pili, moja limevunjika kwa kupigana. Alikuwa na matope mpaka tumboni na ananuka hata pale tulipokaa. Alisimama ubavu, yadi mia moja na kumi, juu ya mstari. Kulikuwa na baridi ya kuonekana pumzi.

"Mwache," Ferrin alinong'ona. "Siku tano bado. Shem, nakuomba. Mwache huyo."

Nilijiuliza swali moja tu: kama nisingemjua Ferrin wala Askofu, kama ningekuwa mimi na mlima huu na dume huyu, ningempiga? Ningempiga huku nashukuru. Nikatoa pumzi nusu, nikavuta.

Alipiga hatua nne akaanguka kwenye nyasi, na majani ya miti yakaendelea kutikisika kana kwamba hakuna kilichotokea. Janeal alinikumbatia kwa nguvu mpaka kofia ikanitoka. Nilimwendea dume nikapiga magoti, nikaweka mkono kwenye shingo yake, nikamshukuru Mungu kwa sauti na Merrill kimya. Ferrin alibaki juu, amesimama, mikono imening'inia.

Tulifanya kazi. Hapo ndipo mpango unalipa. Janeal alipasua, mimi nikashika, Ferrin akaja akavuta ngozi kwa nguvu zake za ng'ombe. Miguu ikatoka mmoja mmoja, ikaingia kwenye mifuko ya kitambaa cheupe, ikatundikwa kivulini ipoe. Kufikia saa mbili tulikuwa tumemaliza. Janeal alitangulia na mguu wa mbele. Mimi nilichukua mwingine wa mbele, Ferrin akachukua mguu wa nyuma, mzigo mkubwa kuliko wote, na hakukubali nimsaidie hata kuuinua.

Nusu ya njia nilisikia nyayo zake zimesimama. Nikageuka. Alikuwa amekaa kwenye gogo, mguu bado mgongoni, uso umemwiva.

"Kifua?" niliuliza.

"Hapana." Akavuta pumzi. "Ni mimi niliyemwambia angoje."

"Ulimwambia nani?"

"Merrill. Kila Machi alinipigia simu. 'Ferrin, mwaka huu naomba mlima wetu, Ned hanipi raha.' Kila mwaka. Nami nikamwambia, usiwe mjinga, utatupa pointi zako kwa madume ya kawaida. Subiri tupate kule kwenyewe." Alijifuta uso kwa mkono wenye damu. "Haikuwa habari ya madume, shem. Tulikuwa tunaomba pamoja, jina lake na langu kwenye ombi moja. Akipata hapa, zake zinarudi sifuri na mimi nabaki naomba peke yangu. Nilitaka twende wote kule. Nikamshikilia. Miaka minane nilimshikilia."

Nilikuwa nimesimama na kilo ishirini za nyama mgongoni na sikuzisikia. Miaka miwili nilikuwa nimemkasirikia mtu aliyelala makaburini. Nilikuwa nimesimama kaburini kwake, na maua mkononi, nikamwambia ungekuwa umeuwinda mlima wetu, mkaidi wewe, ungekuwa umeuwinda mara moja. Na aliyestahili kuambiwa alikuwa kila Jumapili amekaa kiti cha nyuma yangu, anaimba.

"Inuka," nilisema.

"Shem..."

"Inuka, Ferrin. Nyama inapata joto."

Aliinuka. Tulitembea mpaka kwenye gari, tukalaza miguu juu ya madumu ya barafu, tukarudi kwa safari ya pili, tukamaliza. Ilikuwa saa nne kasoro dakika kumi. Nyama ilikuwa baridi mpaka kwenye mfupa, niliigusa mwenyewe, na majira ya baridi yote yale tuliila na haikuwa na kasoro. Ferrin nilimpelekea mguu mmoja mzima na sikuingia ndani. Sikumwalika kwenye chakula cha Sikukuu ya Shukrani mwezi wa Novemba. Krismasi nilimwalika, kwa sababu Janeal alinibana, na alikaa mwisho wa meza akala kama mtu aliyeomba ruhusa.

Nilikuwa na hasira naye, na kusema kweli bado ninayo. Lakini mwezi wa Aprili, siku mbili kabla maombi hayajafungwa, nilimpigia simu nikamwambia aje na kompyuta yake. Alikuja, safari hii akabisha hodi. Nikamkalisha mezani nikamwambia afungue ukurasa wake.

"Ngapi?" niliuliza.

"Ishirini na sita," alisema, taratibu, kama mtu anayemwambia daktari.

"Umeomba wapi?"

Alikuwa hajaomba popote. Mwaka uliopita pia hakuwa ameomba eneo. Alinunua pointi tu, maana idara inakuruhusu kulipia pointi bila kuomba eneo, na mwaka wa kabla yake vilevile. Tangu Merrill afe alikuwa analimbikiza bila kuchagua mlima. Nilinyoosha mkono nikamwandikia namba ya mlima wa nyuma ya nyumba, tarakimu kwa tarakimu, nikaisukuma kompyuta mbele yake. Kwa pointi ishirini na sita alikuwa na uhakika wa kupata, na alilijua hilo. Kidole chake kikubwa kilikaa juu ya kitufe.

"Nikipata," alisema, hakuniangalia, "nitaenda na nani?"

"Na mimi, mjinga wewe," nikamwambia. "Bonyeza."